Samatta hakuwa galasa

Mhariri aliniomba niandike kuhusu kutafuta kazi baada ya shahada ya uhandisi. Nilimkubalia, na bado nitaandika, lakini toleo hili anivumilie. Kuna jambo la mpira limenikaa kooni tangu mechi yetu ya kwanza ya msimu huu. Ninyi msiopenda mpira msiruke ukurasa, linawahusu pia, mtaona.

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka 2020 nilikuwa bado Dar, nina miaka 25, nimeajiriwa kwenye miradi ya maji. Januari 20 Aston Villa wakatangaza kumsajili Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, nahodha wa Taifa Stars. Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Aliyekuwa Bongo wakati ule hahitaji kusimuliwa. Watu waliokuwa Man U na Arsenal toka kuzaliwa waliamka asubuhi wakiwa Villa. Kurasa za klabu mtandaoni zilijaa Kiswahili mpaka Waingereza wakawa wanauliza hawa ni akina nani.

Februari 1, saa kumi na mbili jioni, tulijazana kwenye kibanda umiza kuangalia mechi yake ya kwanza ya ligi, Villa wakiwa ugenini kwa Bournemouth. Kiingilio kilipandishwa siku hiyo na hakuna aliyelalamika. Villa walikuwa wameshachapwa mbili. Kipindi cha pili Samatta akafunga, kile kibanda kikataka kwenda na mabati yake. Mzee mmoja ambaye sijawahi kumwona kabla wala baada ya siku ile alinibeba. Mechi iliisha 2-1, Villa wamefungwa, na sisi tukatoka tukiimba kama tumechukua kombe. Mwezi mmoja baadaye, Machi 1, ikawa Wembley, fainali ya Kombe la Ligi na Man City. Dakika ya 41 krosi ya El Ghazi, Samatta akaenda na kichwa cha kupiga mbizi, wavuni. City walishinda 2-1, lakini bao la Mtanzania Wembley lilikuwa limeshaandikwa.

Sasa kosa lenyewe. Julai mwaka uleule, Samatta akiwa hajafunga tena, nilimwandika kwenye grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja: "Huyu ni galasa, arudi Mbagala." Kwa wenzetu wa Nairobi na Kampala ambao huenda hawalitumii neno hili, galasa ni mchezaji aliyesajiliwa kwa mbwembwe halafu uwanjani akawa si lolote. Kinyume chake ni kifaa. Watu walicheka sana, nami nikajiona mchambuzi.

Tuhesabu vizuri basi, maana hesabu ndiyo kazi yangu na siku ile sikuzifanya. Samatta alianza kuichezea Villa Januari 28, nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester. Ligi ilisimamishwa Machi 13 kwa ajili ya korona. Hapo katikati ni wiki sita na mechi sita, mbili za kombe na nne za ligi, na ndani yake mabao mawili. Bao moja kila mechi tatu, kwa mtu aliyetua katikati ya msimu, kwenye timu iliyokuwa inazama, akiziba pengo la Wesley aliyeumia goti siku ya mwaka mpya. Wesley mwenyewe alikuwa mgeni, kaletwa kiangazi cha 2019 pamoja na kundi zima la wachezaji wapya baada ya Villa kupanda daraja. Kwa maneno mengine, Samatta alikuwa mgeni aliyekuja kuchukua nafasi ya mgeni katika nyumba iliyojaa wageni.

Halafu miezi mitatu ya kufungiwa ndani. Ligi iliporudi Juni 17 viwanja vilikuwa vitupu, kimya kama mazoezini. Zilibaki mechi kumi, zote akacheza, nyingine akianzia benchi, na hakufunga. Villa walipona siku ya mwisho kwa pointi moja, 35 dhidi ya 34 za Bournemouth na Watford. Septemba wakampeleka Fenerbahçe kwa mkopo. Ukifungua kumbukumbu leo utakuta mechi 14 za ligi, bao 1. Hizo namba si za uongo. Ila anayezisoma hazioni zile wiki sita, wala mlango uliofungwa Machi.

Na mtu huyuhuyu kabla ya hapo alikuwa nani? Alitoka Simba akaenda TP Mazembe, Lubumbashi, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, akafunga kwenye mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Januari 2016 akaenda Genk. Wengi tunakumbuka Genk ya ubingwa, msimu wa 2018-19, mabao 23 ya ligi na Kiatu cha Ebony. Tunachosahau ni kwamba ule ulikuwa msimu wake wa nne pale, ukihesabu na ile nusu aliyofika nayo. Genk walimpa muda, wakamzungushia watu: Trossard, Malinovskyi, Pozuelo. Mipira ilikuwa inamfuata. Novemba 2019 alifunga hata Anfield, akiwa na jezi ya Genk, mbele ya Liverpool waliokuwa mabingwa wa Ulaya. Miezi miwili na nusu baadaye akatua Villa. Sasa hebu niambieni, kipaji kilipotelea wapi, kwenye ndege?

Hapa niruhusuni niongee kidogo kama fundi maji. Pampu ikitoka kiwandani inakuja na mchoro wake: ukiisukumia mzigo kiasi hiki, itatoa maji kiasi hiki. Mchoro ni wa kweli, umepimwa. Lakini ukiifunga kwenye laini ya zamani yenye mabomba membamba, yenye kona nyingi na kutu ndani, haitatoa maji yale ya kwenye mchoro. Itatoa yale ambayo mabomba yanaruhusu. Mbaya zaidi ni upande wa kuvuta. Maji yasipofika ya kutosha pampu inaanza kunguruma kama imemeza kokoto, mapovu yanapasukia ndani yake na kula chuma. Nimeona miradi huko nyumbani ambako pampu nzima, mpya kabisa, iling'olewa ikaitwa mbovu, ikaletwa nyingine, nayo ikafa vilevile. Hakuna aliyeangalia bomba.

Straika ni pampu ya aina hiyo. Villa ya 2020 mpira wote ulipitia kwa Jack Grealish, na Grealish akikabwa na watu watatu, mtu wa mbele alikuwa anapunga mikono tu.

Najua mnachotaka kusema. Mbona Ollie Watkins alikuja Villa ileile Septemba 2020, na Oktoba 4 akawapiga Liverpool, mabingwa watetezi, mabao matatu kipindi cha kwanza tu, mechi ikaisha 7-2? Mbona alimaliza msimu wake wa kwanza na mabao 14? Swali zuri, na ndilo lililonifanya nianze kuangalia jambo hili upya. Kwanza haikuwa Villa ileile. Golini alishafika Emiliano Martínez, naye mgeni, na msimu ule alikuwa ukuta. Kulia alikuja Matty Cash, katikati Ross Barkley, pembeni Bertrand Traoré. Pili, na hili ndilo kubwa, kocha Dean Smith alikuwa ameshamfundisha Watkins kule Brentford. Alijua anakimbilia wapi, anapenda mpira wa aina gani. Watkins alikuwa mgeni kwa mashabiki, kwa kocha alikuwa mtu wa nyumbani.

Ukishaliona hilo utaliona kila mahali. Ndugu zetu Wakenya wana Victor Wanyama. Alipokwenda Tottenham 2016 alitulia kama kazaliwa pale: mechi 36 za ligi msimu wa kwanza, timu ikamaliza ya pili. Tulisema ni mtu wa miujiza. Lakini Tottenham kocha alikuwa Pochettino, na Pochettino ndiye aliyekuwa Southampton Wanyama alipofika pale kutoka Celtic mwaka 2013. Erling Haaland alipiga mabao 36 msimu wake wa kwanza City, 2022-23, rekodi ya ligi. Simvunjii heshima, yule ni mnyama. Ila alifungwa kwenye mabomba mapana kuliko yote Uingereza, timu iliyokuwa tayari bingwa.

Wageni wengi wanaowaka siku ya kwanza, ukiwachunguza, hawakuwa wageni sana.

Na waliokosa bahati hiyo? Patrice Evra, mzaliwa wa Dakar, alianza Man United Januari 2006 kwenye mechi ya watani dhidi ya City. Alipotezwa mpaka akatolewa mapumziko, wakafungwa 3-1. Ungekuwa kibanda umiza siku ile ungeapa kwamba Ferguson kauziwa mbuzi kwenye gunia. Aliondoka Old Trafford na ubingwa wa ligi mara tano. Kevin De Bruyne alicheza mechi tatu tu za ligi Chelsea, akauzwa Wolfsburg Januari 2014. Mwezi uleule Chelsea wakamleta Mohamed Salah kutoka Basel, naye akaambulia mechi 13 za ligi na mabao mawili kabla hajaondoka kwenda Italia. Aliporudi England 2017, safari hii Liverpool, alifunga 32 msimu wa kwanza, rekodi kwa wakati ule ya msimu wa mechi 38. Mtu ni yuleyule na miguu ni ileile. Leo hakuna anayekumbuka kwamba kuna watu walimwita Salah galasa, hasa waliomwita.

Upande wa pili nao upo. Michu alikuja Swansea 2012 kwa pauni milioni 2, mechi ya kwanza akafunga mawili kwa QPR, msimu ukaisha ana mabao 18 ya ligi na Kombe la Ligi mkononi. Kila mtu akauliza kwa nini timu kubwa hazikumwona. Msimu uliofuata kifundo cha mguu kikamsumbua, mabao mawili ya ligi, na 2017 akastaafu kabisa. Tulimpima kwa msimu mmoja tukakosea, kama tulivyompima Samatta kwa nusu msimu tukakosea. Kosa ni lilelile, limegeuzwa tu.

Sitaki kudanganya kwamba mpira ni kituo cha kulelea watoto. Villa walikuwa wanapigania uhai, kushuka daraja kungewagharimu fedha za kutisha, hawakuwa na muda wa kusubiri mtu azoee. Na nafasi chache alizopata baada ya Juni hazikuingia, hilo naye analijua kuliko sisi. Simlaumu kocha. Villa walikuwa na sababu. Sisi tulikuwa na sababu gani? Mimi nilikuwa kwenye kochi Temeke, sikuwa na pointi ya kupoteza, na ndiye niliyekuwa wa kwanza kuandika. Tulimtwisha nchi nzima mgongoni, akaibeba mpaka Wembley, ilipomwelemea tukaanza kuhesabu nafasi alizokosa.

Oktoba 2022 zamu ikawa yangu. Nilifika hapa kuanza shahada ya uzamivu, na nyumbani niliagwa kama Samatta. Nilikuwa na daraja la kwanza, nina uzoefu wa kazi, mtaani nilishaitwa dokta kabla sijapanda ndege. Miezi minne ya mwanzo sikupima kitu. Maabara ninayotumia ina vibali vyake, mafunzo ya usalama ya kila mashine, fomu ya hiki na fomu ya kile, na mtu niliyepaswa kumwona alikuwa likizo. Msimamizi wangu aliniuliza kila wiki mbili nina matokeo gani, nami nilikuwa namwonyesha michoro ya mambo ninayotarajia kufanya. Jioni nabeba boksi mara mbili kwa wiki ili hela itoshe. Mama akipiga Jumapili, "mwanangu umefika wapi?", najibu tunaendelea vizuri.

Baada ya miezi tisa nikakaa mbele ya jopo la tathmini. Waliandika kwa lugha ya adabu sana kwamba maendeleo hayatoshi, nikapewa miezi mitatu, la sivyo safari iishie hapo. Nyumbani sikumwambia mtu. Hii ndiyo mara ya kwanza naliandika popote, na mama hasomi gazeti hili, tafadhalini liishie humu.

Aliyeniokoa ni dada mmoja Mghana aliyekuwa anamalizia utafiti wake chumba cha jirani. Alikaa nami jioni mbili. Uhandisi hakunifundisha, huo niliujua. Alinionyesha ni nani anashika ratiba ya maabara na ukitaka zamu umfuate saa ngapi, fundi yupi anakusaidia ukimwendea na kahawa, fomu ipi unaweza kuijaza mwanzoni ili zingine ziende haraka. Wiki ya pili nikawa na maji yanazunguka kwenye mtambo wangu. Miezi mitatu ilipoisha nilipita. Sasa nina karatasi moja iliyochapishwa na ya pili iko njiani, na wale wanaonisifia siku hizi wanadhani nilikuwa hivi toka nilipotua.

Sasa nirudi kwenye hiyo Jumamosi.

Tulicheza na wenzetu wa Afrika Magharibi, mnakumbuka mvua ile. Tulikuwa na kijana mpya wa mwaka wa kwanza, wiki ya tatu toka afike, na maneno yalishatangulia kwamba huko nyumbani amecheza kwenye timu ya maana. Tukampa winga ya kushoto. Alivaa njumu za uwanja mkavu, zenye meno mafupi, akawa anateleza kila akigeuka. Akapoteza mpira mara tatu, nne, mara ya tano ikazaa bao. Pembeni mtu akapaza sauti, "Galasa!", uwanja wote upande wetu ukacheka. Dakika ya 30 akatolewa. Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana, na kwenye grupu la timu ametoka.

Aliyepaza sauti ni mimi. Mtu mzima, miaka 30, na hayo yote niliyoyaeleza hapo juu yako kichwani mwangu. Neno lilitoka tu, kama lilivyotoka 2020.

Jumatano iliyopita nilikwenda chumbani kwake. Alinipokea vizuri, "karibu kaka, shikamoo", akachemsha chai, na kila nilipogusa mpira akasema ana kazi nyingi za darasani. Mwishoni nilimwomba radhi, akacheka, akasema kaka mbona yale ni mambo ya mpira. Nikamuuliza, kwani nyumbani ulikuwa unacheza namba ngapi? Akaniambia sita. Kiungo mkabaji, toka sekondari. Winga hajawahi kucheza maishani. Tulimpanga kushoto kwa sababu kushoto ndiko kulikuwa na pengo, na kati ya watu wazima kumi na wanne tuliokuwa pale, wakiwemo wahandisi watatu, hakuna aliyemuuliza.

Kepteni, najua unasoma huu ukurasa maana picha yako iko upande wa pili. Mechi ijayo mwanzishe katikati, mwache dakika zote 90, na ile inayofuata mwanzishe tena hata kama ya kwanza imekwenda vibaya. Namba sita ni yangu, najua, mpe. Amekubali kuja. Njumu za tope nimempa zile zangu za zamani, zimemtosha akivaa na soksi mbili. Mimi nitakuwa benchi, na nimemwahidi nitanyamaza.